Lori Lililovuliwa Kofia

Dady hakuwa mtu wa kuamini watu hata siku za kawaida, na siku hiyo haikuwa ya kawaida hata kidogo. Alikuwa amemlaza dada yake marehemu katikati ya magunia ya unga wa msaada, amemfunika kwa turubai, na sasa anamwendesha taratibu kuelekea mpakani, penye watazamaji wa kimataifa waliotumwa kuhakikisha kwamba malori ya msaada hayabebi kitu kingine isipokuwa msaada.

Ukitoka Kongolo kwenda Wamaza na Kabambare lazima uvuke mpaka wa majimbo mawili, Tanganyika na Maniema. Zamani mpaka huo ulikuwa mti uliolazwa kukata barabara, askari kadhaa wenye njaa, na akina mama wanaouza mihogo. Ulikuwa unasimama, unasalimia, unaacha ulichoacha, unapita. Kisha unga wa wakimbizi ukaonekana unauzwa waziwazi kule Salamabila, kwa wachimba dhahabu, ukiwa bado kwenye magunia yake yenye alama. Nani aliuuza? Kila mtu alikuwa na jina lake la kutaja, na hakuna jina lililofanana na la mwenzake. Ndipo watazamaji walipoletwa pale bariyeri, kwenye kizuizi kile, na viti vyao vya plastiki na mzani mkubwa wa kuning'iniza.

Mzani ule ndio uliowaharibia jina. Toka lini mtu akavuka bahari kuja kupima unga? Katika nchi ile kinachopimwa ni dhahabu, na kila aliyeuona mzani ukining'inia alicheka chini kwa chini na kusema, aa, hawa wanatafuta lao. Dady naye alisema hivyo hivyo. Alisema hivyo mpaka usiku aliopata habari ya kifo cha dada yake, Francine, na tangu hapo hakuwa na hamu ya kucheka.

Yaya Francine, yaani dada mkubwa, ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Dady alikuwa bado hajui kufunga kamba za viatu, na vita vilipofika Wamaza ni Francine aliyembeba mgongoni mpaka Kasongo, akimziba mdomo kila waliposikia sauti za watu. Mwaka huu uvimbe ulimwota tumboni. Akaenda hospitali ya Kongolo kutafuta nafuu, nafuu haikupatikana. Siku za mwisho alimshika mdogo wake mkono na kumwambia, "Usiniache kwa watu, Dady. Unirudishe nyumbani." Dady aliitikia. Ungeitikia nini kingine?

Na kurudishwa nyumbani, katika ukoo wao, si kubebwa tu. Mwanamke akifia ugenini, wanawake wa kwao waliopo huko humvika, humlaza kwenye mkeka, na huufunga mkeka kwa kamba za ukindu. Mkeka ule haufunguliwi tena mpaka ufike mikononi mwa wanawake wa nyumba yake. Wao ndio wa kwanza kuuona uso wake, na wao ndio wanaoagana naye. Anayeufungua njiani, awe nani, awe na sababu gani, haingii kwenye kilio chake wala hashiki udongo wa kaburi lake. Dady hakuwa mtu wa mila nyingi, lakini hii aliijua tangu utotoni na hakuwahi kusikia mtu akiichezea.

Wenye pikipiki wa Kongolo walikuwa tayari kumsafirisha. Walisema watamkalisha katikati, dereva mbele na mtu nyuma, wamvalishe miwani na kofia apite kama abiria. Dady aliposikia hayo alitaka kupiga mtu. Dada yake hapiti kama abiria. Kwa hiyo aliamua kumpakia kwenye lori alilokuwa akiliendesha, ingawa alijua sheria: kisichoandikwa kwenye karatasi za mzigo hakipandi lorini, na dereva atakayekutwa nacho hatashika tena usukani wa msafara.

Aliyemsaidia kupakia alikuwa Pitchou, konvoyeri wake, yule mtu wa nyuma ya lori anayefunga turubai, anayeweka jiwe chini ya tairi na kujua kelele zote za injini. Walimaliza kumfunika Francine asubuhi, jua likiwa bado halijachoma, na hapo hapo wakagombana.

"Majani tusifunge," Dady alisema.

Pitchou alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. Barabara zote za Maniema zinajua jambo hili: gari lililofungwa majani mabichi mbele limebeba maiti. Watu wa njiani husimama, wanaume huvua kofia, bariyeri hufunguliwa bila swali, na hata askari mwenye njaa ya wiki nzima hathubutu kunyoosha mkono.

"Maiti bila majani, chef? Tutamubeba sawa gunia?"

"Nimesema hapana. Ule Ismaël, mukalimani wao, iko mutoto wa Kasongo. Akiona majani tu, anajua."

"Na mama mwenyewe akikasirika mu njia?"

"Amekufa, Pitchou. Mwenye kukasirika hapa ni mimi."

Pitchou akanyamaza. Dady aliuchukulia ukimya ule kuwa ni kukubali, na hapo ndipo alipokosea. Pitchou akibishana, bado unaweza kumgeuza. Akinyamaza, ameshaamua lake.

Safari ilikwenda vizuri kupita kiasi, na hilo nalo lilimtia Dady wasiwasi. Aliwashuku madereva waliomtangulia kwamba wanamsubiri kwa makusudi. Alimshuku pia kijana wa mafuta wa kule Kongolo, kwa kuwa alilichungulia turubai mara mbili. Mahali fulani injini ilichemka. Akasimamisha lori, Pitchou akashuka kutia maji, na Dady akaingia kichakani kujisaidia. Aliporudi alimkuta Pitchou ameshapanda nyuma, ametulia, mkono mmoja kiunoni. Dady akawasha gari wakaendelea, na kutoka hapo mpaka mpakani hawakupita kijiji.

Pale bariyeri, malori yaliyotangulia yalipita bila shida. Dady aliyatazama akiwa kwenye foleni. Watazamaji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mama wa Kizungu mwenye darubini kifuani, ambaye watu walimwita Mama Darubini, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiitumia. Mwingine alikuwa mwanaume mwenye kipara, Mwafrika wa nchi nyingine, na kwa sababu alikuwa hasemi neno watu walimwita Bwana Kimya. Kati yao alisimama Ismaël, mwalimu wa Kasongo, shati limepigwa pasi kana kwamba anakwenda kuoa. Yeye ndiye aliyekuwa anahamisha maneno kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili na kurudi. Wenyeji walisema anawauza kwa wageni. Wageni, inasemekana, walidhani anawaficha wenyeji. Mtu wa namna hiyo halali usingizi, na macho ya Ismaël yalionyesha.

Watazamaji waligusa magunia, wakachagua moja, wakalitundika kwenye mzani, wakalirudisha, wakapunga mkono. Lori la kwanza likapita, kisha lililofuata. Dady akaanza kupumua. Akatia gia, akasogea.

Ndipo watu waliposimama.

Kwanza alisimama mzee aliyekuwa ameketi akishona kiatu. Kisha mama mmoja akatua ndoo yake kutoka kichwani na kuiweka chini. Mwenye baiskeli akashuka, akaishikilia. Vijana waliokuwa wakibishana kuhusu mpira wakakata maneno katikati. Askari wa kwenye kizuizi akavua bereti, mwenzake akavua, na mwisho komanda mwenyewe, mtu mnene ambaye alikuwa hainuki kitini kwa mtu yeyote, akainuka, akavua kofia na kuishika tumboni. Kelele zote za bariyeri zilizimika, ikabaki ngurumo ya lori la Dady peke yake.

Roho ya Dady ikaruka. Nani amewaambia? Alitazama huku na huku, na kila uso aliouona ulikuwa umeinama kwa heshima, na kila heshima aliiona kama mtego. Akatazama kwenye kioo cha pembeni. Pitchou alikuwa ameshuka na amesimama kando ya tairi la nyuma, anatazama miguu yake, mkono mmoja bado kiunoni. Huyu! Huyu ndiye aliyewauza! Dady alimchukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Mama Darubini naye alisimama, lakini si kwa heshima. Aligeuka kulia, akageuka kushoto. Malori mengine ya unga yamepita na hakuna hata mbuzi aliyeinua kichwa, sasa hili lina nini? Alimwinamia Ismaël, akamnong'oneza. Macho ya Ismaël yalikuwa yameshateremka mpaka kwenye bampa ya lori, na yalikaa hapo.

Dady akashuka. Alizunguka mbele na kuona alichokuwa hakioni akiwa kwenye usukani. Kuti bichi la mchikichi, zuri, limekunjwa kwa uangalifu na kufungwa kwenye bampa kwa mkanda wa suruali. Mkanda alikuwa anaujua. Hakuhitaji kuuliza kwa nini Pitchou alikuwa anashika kiuno tangu kule walikotia maji.

Bwana Kimya akafungua kinywa, mara ya kwanza mbele ya watu wale. Alisema maneno mengi kwa sauti ndogo, huku akilionyesha kuti kwa kidole. Ismaël akamgeukia Dady.

"Anasema huko alikofanya kazi kabla ya kuja hapa, aliona malori ya namna hii. Majani ilikuwa alama ya kuwaambia watu wa pori waache gari lipite, kisha usiku wanakuja kuchukua magunia yao. Anauliza, majani haya ni ya nini?"

Dady alimtazama Ismaël usoni akitafuta huyu ni mtu wa upande gani, akaona uso wa mwalimu tu, mtupu kama ubao uliofutwa. Akaamua kutomwamini. Akashika uongo wa karibu.

"Tulipata pani mu njia," alisema. "Gari ilikufa. Tukaweka majani, wenye pikipiki wasituingie. Kisha tukasahau kuitoa."

Uongo huo ungemtosha mgeni. Gari likiharibika huwekwa majani kweli, lakini huwekwa chini barabarani, hatua kadhaa nyuma ya gari, wala hayafungwi kwenye bampa kwa mkanda wa mtu. Ismaël alijua. Askari walijua. Hata kuku wa pale bariyeri walijua. Ismaël akawageukia watazamaji na kuzungumza nao Kifaransa kirefu, kirefu kuliko maneno ambayo Dady alikuwa amesema. Kifaransa cha Dady kilikuwa cha kusoma vibao vya barabarani tu. Alisimama pale akisikiliza maisha yake yakijadiliwa kwa lugha ya watu.

Wakati wakizungumza, mama mmoja alijitenga na umati. Alikuwa Mama Aïcha, muuza mihogo wa siku nyingi, ambaye kila dereva wa njia ile amewahi kula mkononi mwake. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Dady, akamshika mikono yote miwili, kama inavyofanywa kwa mfiwa.

"Pole, mutoto wangu. Ni nani wetu?"

Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Huulizwa kila lori la majani linaposimama, na dereva hutaja jina, na waliopo hulirudia jina hilo kwa sauti ya chini ili marehemu asipite mahali bila kutajwa. Umati wote ulikuwa umetega sikio ukisubiri jina. Bwana Kimya naye alikuwa amenyamaza anatazama. Mikono ya Mama Aïcha ilikuwa ya moto na mikavu, na kwa kitambo kifupi Dady alitaka kuinamisha kichwa begani pake na kulia mpaka achoke. Badala yake akaichomoa mikono yake.

"Hakuna mutu, mama."

"Hakuna mutu namna gani? Na majani haya?"

"Nimesema hakuna maiti!" Alisema kwa nguvu ili wageni wasikie, hata kama hawaelewi. "Hakuna mutu mule. Iko unga tu."

Alisema hivyo akiwa amelipa lori mgongo, na Francine alikuwa nyuma yake, umbali wa mkono na turubai. Aliona aibu papo hapo, aibu ya kuunguza masikio, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mama Aïcha alirudi nyuma. Alijifuta viganja kwenye kitenge, polepole, kana kwamba ameshika kitu cha kunuka. Mwenye baiskeli akatema mate chini. Manung'uniko yakaanza pembeni na kusambaa, kwa maana pale bariyeri watu walikuwa na kumbukumbu mbaya. Masika yaliyopita lilipita gari la majani, wakasimama kuliheshimu, wakalifungulia, wengine wakalilia kabisa. Kumbe lilikuwa limebeba risasi. Risasi zile ziliwarudia baadaye, na vijana wawili wa pale walizikwa kwa sababu hiyo. Tangu hapo, majani ya uongo yalikuwa kosa ambalo mtu halisamehewi.

Komanda akavaa kofia yake. Aliivaa kwa mikono miwili, akaiweka sawa.

"Mie nimevulia unga kofia?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Toeni ile bashi."

Askari wakapanda kulitoa turubai. Dady akaona vidole vyao kwenye kamba za turubai, na ubishi wote ukamtoka.

"Komanda, ngoja! Ni dada yangu. Yaya Francine. Alikufa Kongolo, ninamupeleka Wamaza."

"Sasa hivi umesema hakuna mutu."

"Niliogopa."

"Mutu anamukana dada yake, na dada mwenyewe iko hapa nyuma yake?" Komanda alitikisa kichwa. "Hapana, bwana. Wa risasi naye alisema ni mama yake."

Turubai likafunuliwa. Mkeka ulikuwa pale kati ya magunia, umefungwa kwa kamba zake za ukindu, na mtu yeyote mwenye macho angeona ni nini. Lakini macho ya pale yalikuwa yamedanganywa mara moja. Wakaushusha mkeka na kuulaza kwenye majani ya kando ya barabara. Mama Darubini aliinua mikono miwili na kusema jambo kwa haraka, mara mbili, na uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu.

"Madame anasema inatosha," Ismaël akasema. "Anasema kisichoandikwa kwenye karatasi kishuke, na kimeshashuka. Mukeka usifunguliwe. Si kazi yake."

"Mwambie Madame asante," Komanda alijibu. "Huyu hakumudanganya yeye peke yake. Alitudanganya sisi. Bariyeri hii ni yetu."

Askari mmoja alichomoa kisu, akapiga goti kando ya mkeka. Kisu kile kilikuwa na magamba ya samaki. Dady alipoyaona magamba yale hakufikiri tena. Alimsukuma askari begani, na kama si Komanda kuinua kidole angepigwa kitako cha bunduki.

"Usimuguse. Nitafungua mwenyewe."

Alipiga magoti. Mafundo ya wale wanawake wa Kongolo yalikuwa magumu, yamefungwa yasifunguke, mpaka ilibidi atumie meno. Fundo la mwisho lilipolegea alikunja ukingo wa mkeka, akavuta kitambaa cheupe.

Alikuwa Francine, mdomo umefungwa vizuri, na unga kutoka gunia lililotoboka umepenya kwenye mkeka mpaka shavuni mwake.

Mama Aïcha ndiye aliyepiga kelele ya kwanza. Komanda alivua kofia tena, na safari hii hakujua aishike wapi. Mama Darubini aligeuka akatembea mpaka kwenye viti vyake, akawapa watu kisogo. Dady alimpangusa dada yake shavu kwa kidole gumba, akamrudishia kitambaa, akajaribu kumfunga. Kamba za ukindu zilikuwa zimekatika kwa meno yake. Pitchou alileta kipande cha kamba ya turubai, ile ya nailoni ya buluu, bila kumtazama usoni, na kwa kamba hiyo wakamfunga.

Lori liliondoka na dereva mwingine. Unga ulikuwa unasubiriwa na watu wenye njaa, na kwa hilo watazamaji hawakuwa na makosa. Dady aliambiwa asishike tena lori la msafara, akaitikia kama mtu anayeambiwa habari za jirani. Pitchou angeweza kubaki na kazi yake. Alifungua mkanda wake kwenye bampa, akauvaa, akalichukua kuti na kuliweka juu ya mkeka, halafu akasimama kando ya Francine.

Wanaume wa bariyeri walikata miti miwili, wakatengeneza machela, wakajitolea kumbeba mpaka Wamaza. Mwenye baiskeli alikuwa mmoja wao. Hawakumsemesha Dady. Walipokuwa wanainua, Ismaël alimsogelea, akaongea chini chini kama mwizi.

"Shofere. Ile uongo yako ya pani, mie sikuipeleka. Niliwaambia ukweli. Niliwaambia iko maiti, ni desturi yetu, wakuache upite. Madame alikuwa anakubali. Alikuwa anatafuta namna ya kusema. Kisha wewe ukapaza sauti, watu wakageuka, basi ikawa mambo ya kila mutu."

Dady alimtazama. Inawezekana ilikuwa kweli. Inawezekana pia ilikuwa kauli ya mtu anayenawa mikono mapema, kabla habari hazijafika Kasongo. Alitafuta usoni mwa mwalimu alama yoyote ya kumwonyesha ni lipi kati ya hayo, akakosa. Na hilo lingemtesa kuliko yote, kwa maana mtu pekee aliyestahili kuaminiwa siku ile huenda alikuwa yule ambaye Dady aliamua kutomwamini. Alifuata machela.

Njia nzima watu walisimama. Waliuliza, "Ni nani wetu?" na Dady alijibu kila mara, "Francine, wa Wamaza," hata wanapouliza watoto, hata anapouliza mtu aliye mbali shambani. Sauti ilimkauka lakini hakuruka hata mmoja.

Walifika jua likiwa bado juu ya miti. Shangazi Louise alikuwa uani na wanawake wa nyumba, maji yameshatekwa, mkeka mpya umetandikwa. Yeye ndiye mkubwa, na mkono wake ndio wa kufungua. Aliinama, akanyoosha vidole kutafuta fundo. Vidole vikasimama kwenye nailoni ya buluu.

Alinyanyuka polepole.

"Nani alimufungua mu njia?"

Wanaume wa ukoo waliokuwa wameketi wakainuka mmoja mmoja, na kabla wabebaji hawajashusha pumzi walikuta njia ya kutokea imezibwa. Shangazi Louise aliwatazama wageni wale, nyuso zao, mikono yao, mifuko yao. Watu wa bariyeri! Walikuwa wanatafuta nini kwa maiti? Dhahabu mdomoni? Kucha? Nywele za kupeleka kwa mganga? Minong'ono ilitaja yote hayo, na mtu mmoja akaokota mti. Mwenye baiskeli alimtazama Dady mara moja, kisha akatazama chini. Hakusema neno, na wenzake hawakusema. Wangeweza kumtaja, lakini walimwachia.

"Askari," Pitchou akaanza. "Shangazi, ilikuwa askari wa mupaka, walikuja na kisu..."

Ilikuwa karibu na ukweli. Karibu kiasi kwamba Dady angeweza kunyamaza tu, na neno lingepita. Askari walikuwa mbali, hawangekuja kubisha. Ukoo ungewalaani, na yeye angeingia ndani, angemlilia dada yake, na kesho angeshika udongo. Aliona jinsi jambo lilivyokuwa rahisi. Lilikuwa rahisi kama lile alilolisema kule mpakani.

"Nyamaza, Pitchou." Akavuka katikati ya wabebaji, akasimama mbele ya shangazi yake. "Ni mie, Shangazi. Mafundo niliyafungua kwa mikono yangu. Na kabla ya kumufungua, nilisema mbele ya watu kwamba hakuna mutu."

Shangazi Louise alikuwa akimfahamu tangu alipokuwa mgongoni kwa Francine. Machozi yalimjaa, lakini hakunyoosha mkono.

"Basi unajua pa kukaa," alisema.

Dady alijua. Aliwapisha wanaume, akatoka, akavuka uzio mpaka barabarani. Nyuma yake alisikia wanawake wakimwinua Francine na kumwingiza ndani, na mlango ukifungwa. Kikapita kimya kidogo, kile cha watu wanaofungua fundo. Kisha kilio kikapanda cha wote kwa pamoja, na katika kilio kile akasikia sauti moja ikiuliza, kwa mshangao, huu unga wa nani umemuingia kwenye nywele.

Alifungua mdomo ajibu. Kutoka kule barabarani wasingemsikia.